Tilapia wakizidi ndani ya beseni

Wengi wetu tunafuga tilapia katika beseni la saruji nyuma ya nyumba, kwa sababu mawe ya volkano ya Goma hayachimbiki kirahisi. Lalamiko ni moja: samaki ni wengi, lakini wote wamebaki kama kidole. Sababu ni uzazi. Jike hubeba mayai mdomoni, kwa hiyo vifaranga wengi hupona, nao huanza kuzaa wakiwa na miezi michache tu. Chakula cha wachache kinagawanywa kwa mamia.

Tufanye nini? Kwanza, tutenganishe. Samaki akifika gramu 30 hivi, tumgeuze tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike matatu. Madume wakae peke yao, hao hukua haraka. Pili, kila juma tuvue wadogo, tuwakaange wazima kama sambaza, watoto wale na bugali na sombe. Tatu, tutie kambale mmoja au wawili, wadogo kuliko tilapia wetu, watakula vifaranga.

Tusiongeze chakula kabla ya kupunguza midomo. Pesa ya pumba ndiyo pesa ya shule. Wachache wanene watanunuliwa sokoni. Mia wembamba hawatalipa hata daftari.