Kifua cha Alumini Baharini: Ujenzi na Mipaka ya Gari la AAV-7

Gari la kijeshi linalotakiwa kuvuka bahari na kisha kupanda ufukweni chini ya risasi hubuniwa kati ya matakwa mawili yanayopingana, kwa kuwa ukuta unaomkinga askari ndio huohuo unaolivuta gari kwenda chini. Mvutano huo unaonekana waziwazi katika AAV-7, gari la deraya la minyororo ambalo Kikosi cha Marine cha Marekani kilianza kulitumia mwaka 1972, likijulikana wakati huo kwa jina la LVTP-7. Minyororo ni mikanda ya vipande vya chuma inayozunguka magurudumu na kuusambaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa la ardhi, ili lipite mchangani na matopeni ambako tairi zingezama.

Asili ya magari ya aina hii haikuwa ya kivita. Katika miaka ya 1930 Donald Roebling, mjukuu wa Washington Roebling aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn, alitengeneza huko Florida chombo cha alumini kwa ajili ya kuwaokoa watu walionaswa na vimbunga kwenye vinamasi, mahali ambapo mashua hukwama kwa kukosa maji ya kutosha na lori huzama kwa kuzidiwa nayo. Kikosi cha Marine kilikichukua chombo hicho kwa kubebea mizigo, na thamani yake ya kivita ilidhihirika Novemba 20, 1943 katika shambulio la kisiwa cha Betio, Tarawa. Shambulio hilo liliangukia maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, kwa hiyo mashua za kawaida zilikwama juu ya matumbawe na askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita mbele ya bunduki za Wajapani, ilhali magari ya minyororo yalitambaa juu ya mwamba uleule yakaendelea. Kati ya magari 125 yaliyotumika, takriban 90 yalipotea, lakini hakuna aliyepigana pale aliyebaki na shaka juu ya umuhimu wake.

Kanuni inayoliwezesha gari kuelea ni ile ya Archimedes: chombo huelea pale uzito wa maji kinayoyasukuma kando unapolingana na uzito wake chenyewe. Gari la tani 23, ambao ndio uzito wa takriban wa LVTP-7 likiwa tayari kwa vita, lazima lisukume zaidi kidogo ya mita za ujazo 22 za maji ya bahari, na ndiyo sababu umbo lake ni la sanduku kubwa lenye urefu wa karibu mita 8, upana wa mita 3.3 na kimo kinachozidi mita 3, kimo ambacho mbunifu wa kifaru cha kawaida angekiona kuwa zawadi kwa mlenga shabaha wa adui. Ndani yake hukaa wahudumu watatu na askari wapatao 20 au zaidi, ambao hutokea kwenye mlango mpana wa nyuma. Sanduku hilo limejengwa kwa alumini, metali ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma cha pua au cha kawaida, hivyo bamba lenye uzito sawa huwa nene zaidi na gumu kupinda, na mbavu za ndani za kulishikilia hupungua.

Majini gari husukumwa na pampu mbili zilizowekwa nyuma, kila moja ikivuta takriban lita 53,000 za maji kwa dakika na kuyatema kwa nguvu, na milango midogo kwenye midomo ya pampu huugeuza mkondo ili gari likate kona au lirudi nyuma. Hata hivyo mwendo wake majini ni kilomita 13 tu kwa saa, wakati barabarani lilifikia 72, na kosa si la injini. Chombo kinachokwenda majini huzua wimbi omoni, yaani sehemu yake ya mbele, na umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi hilo na kinachofuata huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Katika maji ya kina, wimbi ambalo vilele vyake vimeachana kwa mita 8 husafiri kwa karibu kilomita 12.7 kwa saa. Gari lenye urefu huohuo likifikia mwendo huo, omo hukaa juu ya kilele cha kwanza na tezi, yaani sehemu ya nyuma, juu ya cha pili, na likilazimishwa kwenda kasi zaidi kilele cha pili hubaki nyuma, tezi ikashuka bondeni, na gari likawa linapanda mlima wa maji ambao limejijengea lenyewe. Kuanzia hapo nguvu kubwa ya injini huleta ongezeko dogo mno la mwendo.

Njia mojawapo ya kuushinda mlima huo ni kuupanda na kuteleza juu ya maji kama boti ya mashindano. Ndivyo lilivyobuniwa gari la EFV, lililokunja minyororo yake ndani, likafungua bamba pana mbele na kufikia kilomita 46 kwa saa kwa injini ya nguvu farasi zipatazo 2,700, nyingi zaidi ya zile za kifaru kizito. Bei yake ilipanda pamoja na ugumu wa mitambo yake, na Januari 2011 waziri wa ulinzi Robert Gates alitangaza kuufuta mradi huo baada ya dola zaidi ya bilioni 3 kutumika. AAV-7, ambalo Desemba 1992 lilikuwa limeshuka katika ufukwe wa Mogadishu mbele ya taa za wapiga picha wa televisheni, likaendelea kufanya kazi huku likizeeka.

Tatizo la deraya lilikuwa baya zaidi. Alumini ya gari hili huzuia risasi za bunduki na vipande vya makombora, si roketi za kupiga vifaru, na bapa la chini yake hulipokea lote pigo la bomu lililofukiwa barabarani. Agosti 2005, karibu na Haditha nchini Iraki, bomu moja liliua wanajeshi 14 wa Marine waliokuwa ndani ya gari moja. Mabamba ya ziada yalikuwa yameongezwa ubavuni hata kabla ya hapo, na uzito ukafikia karibu tani 29. Hesabu ya haraka yatosha kuonyesha gharama yake: eneo la gari kwenye uso wa maji ni kama mita za mraba 26, kwa hiyo kila tani huliongezea kina cha takriban sentimita 4, na tani sita hulishusha kwa zaidi ya sentimita 20, kipimo ambacho si kidogo kwa chombo kisicho na kimo kikubwa juu ya mawimbi.

Maji huingia katika kila chombo cha namna hii kupitia vifuniko, mihimili na mipira iliyochakaa, na hutolewa kwa pampu za ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ambako maji hujikusanya. Julai 30, 2020, karibu na kisiwa cha San Clemente huko California, gari moja lilipoteza nguvu za mitambo yake huku maji yakiingia kwa kasi zaidi kuliko yalivyotolewa, wahudumu wakachelewa kuamuru watu watoke, na kati ya 16 waliokuwemo walikufa tisa. Desemba 2021 Kikosi cha Marine kiliamua kwamba AAV-7 halitaingia tena majini katika shughuli za kawaida. Mrithi wake, ACV, ana magurudumu manane ya mpira, chini imara zaidi dhidi ya mabomu na rafadha mbili za kumsukuma majini, na mwendo wake baharini ni takriban kilomita 11 kwa saa.