Nukta moja haitoshi: namna ya kusawazisha sonda ya lambda

Mtajiuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini ndani ya moteri ya gari? Jibu ni fupi: vipimo. Yule aliyejifunza kusawazisha mita ya pH kwenye laboratwari, tayari anajua nusu ya kazi hii.

Tuanze na sonda yenyewe. Inafungwa kwenye bomba la moshi, inapima oksijeni inayobaki kisha esansi kuungua. Sonda ya kawaida inasema mambo mawili tu: esansi imezidi ao imepunguka. Sonda pana, mfano Bosch LSU 4.9, inasaidia kupata namba kamili. Kilo 1 ya esansi inahitaji kilo 14,7 za hewa ili kuungua yote. Hiyo njo lambda 1. Moteri ikivuta mzigo mzito, mafundi wengi wanatafuta karibu 12,5, maana yake esansi nyingi kidogo.

Lakini kompyuta ya moteri haioni hewa wala esansi. Inaona volti tu, kati ya 0 na 5, zinazotoka kwenye kisanduku cha sonda. Ni sisi tunaiambia volti fulani ni namba gani. Na kila kisanduku kina lugha yake. Innovate LC-2, jinsi inavyotoka kiwandani, inasema volti 0 ni 7,35 na volti 5 ni 22,39. AEM UEGO ya zamani inasema volti 0 ni 10 na volti 5 ni 20.

Sasa angalia mutego. Umefunga AEM, lakini kwenye programu umechagua Innovate. Gari ikisimama na moteri inazunguka polepole, sonda inatoa volti 2,35. Ukweli ni 14,7. Programu inaonyesha 14,4. Tofauti ni ndogo, unafurahi. Ukipanda mlima na mzigo, sonda inatoa volti 1,7. Programu inaonyesha 12,5, unaona iko sawa. Kumbe ukweli ni 13,4! Moteri inapata esansi kidogo kuliko unavyoamini. Kwa moteri ya turbo, hapo njo moto unaweza kuzidi na pistoni ikatoboka.

Ni kama mita ya pH. Tunaiweka kwanza kwenye maji ya pH 7, halafu kwenye ya pH 4. Ya kwanza inaweka mwanzo wa mstari pahali pake, ya pili inanyoosha mwinuko wake. Mita inaweza kusoma 7 vizuri kabisa, na bado ikakudanganya kwenye udongo wenye asidi.

Basi, kwa mtu anayetumia TunerStudio pamoja na MegaSquirt, kazi inaenda hivi:

1. Kama kisanduku chako kinaomba kusawazishwa kwenye hewa wazi, toa sonda kwenye bomba, iache ipate moto mbali na moshi. Hewa ina oksijeni asilimia 20,9, ukiwa Matadi ao Bukavu.

2. Kwenye menyu ya vifaa, fungua sehemu ya kusawazisha jedwali la hewa na esansi. Chagua kisanduku chako kwa jina. Kama hakiko kwenye orodha, andika wewe mwenyewe nukta mbili za karatasi yake: volti na namba.

3. Angalia masi. Waya wa masi ukifungwa vibaya, volti 0,1 tu inayopotea inahamisha namba ya Innovate kwa 0,3, na inahamisha mstari wote.

4. Hakikisha pahali pawili. Sonda ya Innovate ikiwa kwenye hewa wazi, programu inapaswa kuonyesha karibu 22,4. Ikionyesha 20, jedwali si lake. Kisha washa moteri, linganisha saa ya sonda na programu, gari ikisimama na ikivuta mzigo, mwenzako akisoma.

Usiruhusu programu irekebishe esansi yenyewe mbele ya kumaliza hayo. Itafuata namba ya uongo kwa uaminifu wote.

Na jambo moja la mwisho: usiache sonda ndani ya bomba bila umeme moteri ikiwaka. Isipopashwa moto, masizi yanaiharibu, na hapo hakuna jedwali litakalokusaidia.

Mwenye swali, karibu.