Mirathi ya Kalamu (3): Binti Aliyempiga Risasi Shujaa wa Baba

Wiki iliyopita tulimwacha Tony Hillerman, mwanahabari aliyegeuka mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, na kutoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi mwaka 1970. Alifariki Oktoba 2008. Joe Leaphorn na Jim Chee, askari wake wa polisi ya Wanavajo, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, wakabaki yatima. Leo ni zamu ya bintiye, Anne.

Anne naye alikuwa mwanahabari, na vitabu vyake vya awali havikuwa vya kubuni. Mwaka 2009 yeye na mumewe, mpiga picha Don Strel, walitoa kitabu kuhusu mandhari ya riwaya za baba. Wasomaji walikuwa wakimuuliza: je, Chee na Leaphorn ndio basi tena?

Walirejea mwaka 2013, katika Spider Woman's Daughter. Mrithi mwoga angemtembeza Leaphorn njia zilezile alizozoea. Anne anampiga risasi kurasa za mwanzoni kabisa, nje ya mgahawa mjini Window Rock, makao makuu ya Wanavajo. Mzee hafi, ila yu hoi hospitalini, na kiti chake ki wazi.

Anayekikalia ni Bernadette Manuelito, askari wa kike ambaye baba alimwingiza katika The Fallen Man (1996), akamweka pembeni, hatimaye akamwoza kwa Chee. Kwa kuwa ameshuhudia shambulio, Manuelito anakatazwa kulipeleleza. Hatii, bila shaka. Angetii tusingekuwa na riwaya! Pamoja naye wanaingia mama yake mfumaji na mdogo wake msumbufu, na kesi inachunguzwa huku jikoni kuna ugomvi. Kwa kusuka fumbo, baba bado ni fundi zaidi. Kwa mambo ya nyumbani, binti amempita. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Spur, ya vitabu kuhusu Magharibi mwa Marekani, kwa riwaya ya kwanza.

Kuna deni moja, hata hivyo. Baba na binti wote si Wanavajo. Mwaka 1987 Wanavajo walimtunuku Tony heshima ya kuwa rafiki yao maalumu, na heshima ya namna hiyo hairithiwi. Anne hana budi kuitafuta upya, kitabu kwa kitabu.

Wiki ijayo: Dick Francis na mwanawe Felix, aliyewahi kuwa mwalimu wa fizikia, walioandika pamoja baba akiwa bado hai.