Je, Wajua? Makande, Tangawizi na Dengelua ya Upareni

Makande ndicho chakula kinachowatambulisha Wapare kote Tanzania. Mjini Same, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, huuzwa kwa mama ntilie sambamba na wali maharage na chipsi mayai. Mahindi makavu hutwangwa kwenye kinu ili kuondoa ganda gumu, kisha huchanganywa na maharage au kunde na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Punje ikiiva sawasawa hupasuka, ikalainika, na mchuzi ukawa mzito. Makande yaliyoharakishwa hayafikii ladha hiyo hata yakiungwa kwa nazi.

Chai ya kuyasindikiza hutiwa tangawizi, na tangawizi hiyo haitoki mbali. Hulimwa kwa wingi kwenye miteremko ya milima, hasa Mamba Miamba, upande wa mashariki wa wilaya ya Same.

Kwa wanywaji wa pombe ipo dengelua, inayotokana na miwa. Miwa hupondwa, maji yake hukamuliwa, kisha huachwa yachachuke. Wakikuyu wa Kenya nao hutengeneza muratina kwa maji ya miwa, wakiyachachusha kwa tunda la mwegea. Dengelua haifai kuwekwa siku nyingi: huendelea kuchachuka, utamu ukapungua na ukali ukaongezeka, mpaka ikageuka siki.