Meli ya Liemba na Wenyewe

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika imebadili wenyewe mara nyingi, wala haikutoka ziwani tangu iliposhushwa majini mwaka 1915. Wadachi waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavileta Dar es Salaam kwa bahari, na vikaunganishwa tena Kigoma. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wao. Mwaka 1916, walipoikimbia Kigoma, waliizamisha kusudi; lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito. Hapo twaifahamu nia yao, maana atupaye chombo hakipaki mafuta. Walakini hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwaka 1948 ikawa ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na mwaka 1977 ya Shirika la Reli Tanzania.

Basi ni ya nani? Tukifuata hati, twahesabu wenyewe wengi. Tukifuata jina, Liemba ni neno la wenyeji wa kusini mwa ziwa, ambalo Livingstone alilisikia kwao mwaka 1867, kabla meli hiyo haijaundwa.