Mgeni Aliyehamia Kifuani

Katika mji wa Seattle, Marekani, kulikuwa na mtoto mwenye maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki faibrosisi. Alipokuwa na umri wa miezi sita, bakteria walichukuliwa kutoka mapafuni mwake wakahifadhiwa. Alipotimiza miaka minane, walichukuliwa tena. Wataalamu walisoma chembe za urithi za bakteria hao, na mwaka 2006 wakatangaza matokeo: ukoo ni ule ule mmoja, lakini baina ya wa mwanzo na wa mwisho pana mabadiliko 68.

Maradhi haya hayaambukizi. Mtoto huyapata pale baba na mama, wote wawili, wanapobeba jeni yenye kasoro, ilhali wao wenyewe ni wazima. Basi si haki mama kulaumiwa peke yake. Jeni hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1989, husimamia upitaji wa chumvi na maji mwilini. Ikiharibika, belghamu huwa nzito ya kunata, na jasho la mtoto huzidi chumvi.

Katika belghamu hiyo hukaa bakteria aitwaye sudomonasi, ambaye makazi yake ya kawaida ni majini na udongoni. Aingiapo mapafuni huwa na mkia wa kuogelea na sumu za kushambulia. Lakini mambo hayo humfichua mbele ya kinga ya mwili. Kwa hivyo, katika kuzaana kwao, wale waliotokea kuyapoteza ndio wanaosalimika. Wengine hujifunika utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Si kwamba wana akili. Dawa na kinga huwachuja, na wastahimilivu ndio wanaobaki.

Bakteria akishabadilika hivyo, aghalabu hang'oki tena, hata kwa dawa kali. Matabibu wa Copenhagen, Denmark, walilitambua jambo hili. Wakaweka desturi ya kupima belghamu ya wagonjwa wao kila mwezi. Sudomonasi akionekana kwa mara ya kwanza, matibabu huanza papo hapo, hata kama mtoto anacheza na hana homa. Kwa njia hiyo, watoto wengi walikingwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa kudumu wa mapafu.

Maradhi haya huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, ila yamethibitika pia kwa Waarabu na Waafrika, na hatari huongezeka pale jamaa wa karibu wanapooana. Mama akiona kikohozi cha mwanawe hakikomi, mtoto anakula vyema lakini hanenepi, choo chake kina mafuta, na akimbusu shavuni anaonja chumvi, asinyamaze. Amweleze tabibu yote hayo, aulizie kipimo cha jasho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.