Maana na Ramani: Mafunzo ya Udaktari katika Kuunganisha Taarifa za Kijiografia

Utangulizi

Ramani huchukuliwa na wengi kuwa kazi ya mpimaji ardhi na mchoraji, wala si ya mwanaisimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba taarifa za kijiografia zilizokusanywa na watu mbalimbali zinapotakiwa kuunganishwa, ugumu ulio mkubwa kuliko yote ni wa lugha. Na kwamba mafunzo ya kimataifa ya shahada ya udaktari katika uwanja huo yamejengwa juu ya utambuzi huo.

Tatizo la Maana

Kazi ya kuunganisha ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya vipimo. Ramani mbili zaweza kutumia mifumo tofauti ya kuonyesha mahali, lakini hisabati huweza kuugeuza mmoja uafikiane na mwingine.

Ngazi ya pili ni ya maana, na hapa hisabati peke yake haitoshi. Mfaransa hutofautisha "fleuve", yaani mto unaomwaga maji yake baharini, na "rivière", yaani mto unaoingia katika mto mwingine. Mwingereza huiita yote "river". Kiswahili nacho hakijali mto unaishia wapi: Tana, uingiao Bahari ya Hindi, na Thika, uingiao Tana, yote ni mito. Basi orodha ya Kifaransa ikiunganishwa na ya Kiingereza kwa kulinganisha maneno tu, ama tofauti moja itapotea, ama kompyuta itabuni tofauti isiyokuwapo.

Mfano ulio mzito zaidi ulitolewa mwaka 2003 na David Mark na Andrew Turk, waliochunguza lugha ya Yindjibarndi ya Australia Magharibi. Katika nchi hiyo kavu mito haitiririki mwaka mzima, na msamiati wa wenyeji hutenga njia ya maji na maji yapitayo ndani yake. Je, mto uliokauka ungali mto? Swali hilo si geni kwa wakazi wa kaskazini mwa Kenya, ambao laga zao hupitisha maji baada ya mvua tu.

Mwaka huohuo wa 2003, Werner Kuhn wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, alipendekeza kwamba kama vile mahali panavyotajwa kwa kurejelea mfumo wa vipimo unaojulikana, maana za istilahi nazo ziwekewe mifumo ya marejeo, ili ziweze kugeuzwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

Mafunzo ya Pamoja

Fikra za namna hii ndizo zilizouongoza mpango wa mafunzo wa Münster na Chuo Kikuu cha Buffalo, katika jimbo la New York, Marekani, uliokuwa ukiendelea mwaka 2010 kwa fedha za shirika la utafiti la Ujerumani, DFG. Mada yake ilikuwa kuunganisha taarifa za kijiografia kwa msingi wa maana. Katika mipango ya aina hii, wanafunzi wa vyuo viwili hutafiti mada moja pana, husimamiwa na walimu wa pande zote mbili, na hukaa kwa miezi kadhaa katika chuo cha wenzao. Buffalo palikuwa na Mark, mwanajiografia, na Barry Smith, mwanafalsafa, ambao waliandika pamoja juu ya swali la kama milima ipo kweli, au ni akili na lugha zinazoikata kutoka katika ardhi isiyo na mipaka.

Kwamba suala hili si la nadharia tupu kulidhihirika Haiti baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010. Wafanyakazi wa kujitolea wa OpenStreetMap walichora barabara kutokana na picha za setilaiti. Wakati huohuo, ujumbe wa kuomba msaada uliotumwa kwa simu ulipokelewa na kuwekwa katika ramani kwa kutumia Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli ya Haiti. Ilibidi Wahaiti waishio ng'ambo waufasiri na kusaidia kutambua mahali palipotajwa. Picha ilionyesha barabara. Mwenye lugha ndiye aliyejua inaitwaje.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba muungano usiojali maana huipendelea lugha ambayo istilahi zake zimekwisha kuingizwa katika kompyuta, na tofauti zilizomo katika lugha nyingine humezwa kimyakimya. Kwa mtaalamu wa lugha za Kiafrika, funzo liko wazi. Kamusi inayofasili "laga", "kijito" na "korongo" kwa kisawe kimoja cha Kiingereza haimfai mchora ramani. Fasili yapasa kueleza kama maji ni ya kudumu au ya msimu, yanatoka wapi na yanaishia wapi. Kazi hiyo haiwezi kungoja wahandisi wa kompyuta, kwa kuwa wao ndio wanaoingoja.